Sampuli kwanza, sindano baadaye: ugonjwa wa kiwele kwa mfugaji wa Dodoma

Ng'ombe wangu wa kwanza wa maziwa, chotara wa Friziani niliyemwita Nyota, alipoteza robo ya nyuma ya kulia ya kiwele (kiwele kina robo nne, kila moja na chuchu yake) huku namwangalia, na mkono uliochangia ulikuwa wangu mwenyewe. Ilikuwa Januari, mvua imeshika, banda letu la Nala ni tope tupu. Asubuhi moja nikaona maziwa yanatoka na vibonge kama mtindi uliokatika. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza kwa mdomo, nikauziwa chupa ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini. Nikachoma siku mbili, vibonge vikapungua, nikaacha. Baada ya siku kumi vikarudi. Safari hii nikapewa OTC, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya ukoo wa tetrasaiklini. Vikapungua, vikarudi. Machi nikanunua tyubu za kuingiza kwenye chuchu, nikaweka mbili tu kwa sababu hela ya nyingine ilikuwa imekwenda kwenye pumba. Kufika Aprili ile robo ilikuwa ngumu kama kiazi kibichi, na kilichotoka ni maji ya njano.

Robo mbili za nyuma ndizo hubeba karibu asilimia 60 ya maziwa yote ya ng'ombe. Kwa ng'ombe wa lita kumi, robo moja ya nyuma ikifa umepoteza kama lita tatu kila siku, na hazirudi.

Kijana wa bwana mifugo alipokuja mwishoni alinisalimia, akapapasa kiwele, kisha akauliza swali moja. "Mama, sampuli ya maziwa ulichukua kabla ya sindano ya kwanza?" Sikuwa nimewahi kusikia kwamba maziwa hupelekwa maabara. Tulipoyapeleka baadaye, jibu lilikuwa bakteria aitwaye stafilokokasi, na dawa mbili kati ya zile nilizokuwa nikichoma miezi yote ile hazikumfanya kitu. Nilikuwa nikiua wale dhaifu na kuwaachia nafasi wale wagumu.

Hatua zinazofuata ndizo ninazofuata sasa, na ndizo ninazowafundisha wenzangu wa Nala, Zuzu na Ihumwa.

Hatua ya 1: Wajue wanaoingia kwenye kiwele

Bakteria wanaoleta ugonjwa wa kiwele ni wa aina nyingi, lakini mfugaji akiwagawa katika makundi mawili inamtosha: wanaoishi kwenye ng'ombe, na wanaoishi bandani.

Wa kundi la kwanza huhama kutoka kiwele hadi kiwele wakati wa kukamua. Hubebwa na mikono yako na kile kitambaa kimoja kinachopita kwa ng'ombe watatu. Mkubwa wao ni stafilokokasi aureasi. Akishaingia hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele, mwili unamzungushia kovu, na wengine huingia ndani ya seli zenyewe, mahali ambapo dawa nyingi hazifiki ipasavyo. Tena hutoka kwenye maziwa kwa vipindi: leo yumo, kesho humwoni. Kwa hiyo sampuli moja iliyotoka safi bado haijamaliza maneno. Mwenzake ni streptokokasi agalaktie, ambaye makazi yake hasa ni ndani ya kiwele. Huyu penisilini bado humweza vizuri, na banda likitibiwa kwa pamoja na kukamuliwa kwa usafi, anaweza kufutika kabisa.

Wa kundi la pili wanamngoja ng'ombe alale. E. koli yuko kwenye kinyesi. Streptokokasi uberisi yuko kwenye nyasi na mabua ya kulalia. Klebsiela anapenda maranda ya mbao, hasa yakilowa. Mlango wa chuchu hubaki wazi kwa nusu saa mpaka saa nzima baada ya kukamua, na hapo ndipo wanapopenya. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili ndiyo sikukuu yao.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. E. koli ana ganda la nje ambalo penisilini ya kawaida hailipenyi, na ndivyo alivyo tangu mwanzo. Ukimchoma ng'ombe mwenye E. koli kwa penisilini tupu umemwaga hela. Tena kiwele cha E. koli kisicho kikali mara nyingi hupona chenyewe kwa nguvu ya mwili wa ng'ombe, halafu sifa zinakwenda kwa chupa. Jirani anasikia "ile dawa ilimponya wa kwangu", anaikimbilia, na wa kwake ana stafilokokasi.

Hatua ya 2: Mwone mgonjwa kabla hajavimba

Kiwele kilichovimba, chenye moto, kinachomfanya ng'ombe apige teke, kila mtu anakiona. Kinachotumaliza kimyakimya ni ugonjwa usioonekana: maziwa meupe safi, kiwele laini, ila lita zinapungua na vimelea vinasambaa kwa wengine.

Kila unapokamua, michirizi mitatu ya kwanza ya kila chuchu itoe kwenye kikombe chenye rangi nyeusi, usiitoe sakafuni wala kiganjani. Kikombe cha plastiki cheusi cha sokoni kinatosha. Vibonge, nyuzinyuzi au majimaji huonekana papo hapo juu ya weusi.

Kila baada ya wiki mbili fanya kipimo cha California, wataalamu wanakiita CMT. Ni kibao chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila robo, na dawa ya rangi ya zambarau. Weka maziwa kiasi cha mililita 2 na dawa kiasi kilekile, zungusha kibao taratibu kwa sekunde kumi, soma kabla sekunde ishirini hazijapita. Maziwa ya robo isiyo na ugonjwa hubaki majimaji. Ya robo yenye ugonjwa hushikana, yanakuwa ute kama mlenda, na yakizidi sana hukusanyika katikati ya kikombe kama ute mbichi wa yai. Sababu ni kwamba mwili ukishambuliwa hupeleka seli nyeupe za damu kwenye kiwele. Dawa ile inazipasua, vinasaba vyake vinamwagika na kufanya ule ute. Kadiri ute ulivyo mzito ndivyo vita ilivyo kubwa ndani.

Dawa ya CMT ikikosekana, koroga vijiko sita vya chai vya sabuni ya unga ndani ya nusu lita ya maji, tumia kwa kiasi sawa na maziwa. Haina usahihi wa ile ya dukani, lakini robo iliyoharibika itajionyesha. Usipime ng'ombe aliyezaa ndani ya wiki moja wala aliye karibu kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, maana hao hutoa ute hata wakiwa wazima.

Hatua ya 3: Chukua sampuli, na uichukue kabla ya dawa yoyote

Hapa nakuomba usome polepole. Sampuli iliyochafuliwa huleta majibu ya kinyesi na ngozi, mtaalamu anaandika "vimelea mchanganyiko", na nauli yako imekwenda bure.

Pita mapema kwa bwana mifugo wa kata au maabara uchukue vichupa vilivyotakaswa vyenye vifuniko. Chupa ya soda iliyosuuzwa kwa maji ya moto haifai. Kwenye kila kichupa andika kwa kalamu isiyofutika jina la ng'ombe, robo (mbele kushoto, nyuma kulia, na kadhalika), tarehe. Andika kabla hujaanza, kwa sababu mikono ikilowa huandiki tena.

Osha mikono kwa sabuni, ikauke. Kama chuchu zina tope, zioshe peke yake bila kulowesha kiwele kizima, zikaushe kabisa. Kamua michirizi mitatu au minne uimwage. Chukua pamba yenye spiriti ya asilimia 70, sugua ncha ya chuchu, pale hasa kwenye tundu, sekunde kumi mpaka kumi na tano. Itazame pamba. Ikiwa na weusi, tupa, chukua nyingine. Rudia mpaka pamba itoke nyeupe kama ilivyoingia. Mara ya kwanza nilipofanya na kijana yule, chuchu niliyoapa ni safi ilimaliza pamba tano.

Ukisafisha, anza na chuchu za mbali na wewe, malizia za karibu. Ukichukua maziwa geuza: anza za karibu, malizia za mbali, ili mkono wako usipite juu ya chuchu uliyokwisha kuisafisha. Fungua kifuniko, kishike kwa vidole viwili ndani yake kukiangalia chini, usikiweke popote. Laza kichupa, kisisimame wima chini ya chuchu, maana manyoya na vumbi huanguka. Na huku kwetu kuanzia Julai upepo hauna huruma, basi mfunge ng'ombe upande wa kinga. Mchirizi mmoja au miwili inatosha, kama mililita 5 hadi 10. Funga mara moja.

Weka kwenye boksi la barafu. Ifike maabara siku ileile, ikishindikana ikae kwenye friji isipite saa 24, au igandishwe kabisa. Maziwa yaliyokaa juani kwenye kiti cha bodaboda kutoka Zuzu hadi mjini yanakuwa shamba la bakteria wengine.

Kama umeshachoma dawa, sema ukweli kwa mtaalamu. Mara nyingi atakuambia usubiri wiki mbili au zaidi baada ya dozi ya mwisho, kwani dawa iliyomo ndani ya maziwa huzuia bakteria kuota hata kama wapo hai kiweleni.

Hatua ya 4: Peleka maabara na ujue kusoma jibu

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una kituo cha Kanda ya Kati hapahapa Dodoma. Walio Mpwapwa, Kongwa, Bahi au Chamwino wapitie kwa ofisi ya mifugo ya wilaya, waulize utaratibu na gharama kabla ya kufunga safari. Njia nzuri kuliko zote ni kuungana. Wafugaji wanne wakikubaliana siku moja, boksi moja la barafu na nauli moja vinawatosha wote.

Niliwahi kuonyeshwa kinachofanyika, na tangu siku hiyo sibishani tena na kipimo. Tone la maziwa hupakwa kwenye sahani ndogo yenye chakula cha bakteria, wanaiweka kwenye joto la mwili usiku kucha. Kesho yake vinaonekana vidonge vidogo vya mviringo, kila kimoja ni ukoo mzima wa bakteria. Wakishatambuliwa, mtaalamu huwatandaza kwenye sahani nyingine, kisha anapanga juu yake vikaratasi vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake: penisilini, tetrasaiklini, jentamaisini na nyinginezo. Baada ya usiku mwingine, dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara safi, kama uwanja uliofagiliwa, bakteria hawakuthubutu kusogea. Kwa dawa iliyoshindwa, bakteria wameota mpaka ukingoni mwa kikaratasi. Sahani ya Nyota ilikuwa hivyo kwa penisilini na kwa tetrasaiklini: wameota hadi wanagusa karatasi. Nilisimama nikiitazama ile sahani nikihesabu chupa nilizonunua.

Jibu litakuja na jina la bakteria na orodha ya dawa, kila moja na neno au herufi mbele yake. S maana yake bakteria anakufa kwa dawa hiyo. R maana yake ni sugu, dawa hiyo iache. I ni katikati, hiyo mwachie daktari aamue. Ila S ya kwenye sahani si ahadi ya kupona: stafilokokasi aliyejificha ndani ya kovu anaweza kunusurika hata kwa dawa inayomuua vizuri kwenye sahani. R lakini ni neno la mwisho, na hilo peke yake linakuokolea hela.

Hatua ya 5: Wakati unasubiri

Kama ng'ombe anakula, anacheua, na tatizo ni vibonge na uvimbe kidogo, kusubiri siku moja mpaka bakteria waonekane kwenye sahani hakumdhuru. Mkamue wa mwisho, toa maziwa yote ya robo hiyo, na mwombe daktari wa mifugo dawa ya kushusha uvimbe na maumivu.

Lakini ukikuta amelala hataki kusimama, masikio ya baridi, macho yamezama, maziwa kama maji ya kuoshea nyama, hapo hakuna kusubiri. Hiyo inaweza kuwa sumu ya E. koli imeingia kwenye damu, na ng'ombe anaweza kufa kabla ya jioni. Vilevile chuchu ikiwa ya bluu na baridi, nyama inaoza. Chukua sampuli kwa dakika tano, mpigie daktari wa mifugo hapohapo. Mnyama huyo anahitaji maji mengi mwilini na matibabu yanayozidi uwezo wa sindano ya mfugaji.

Hatua ya 6: Dawa itumike kama ilivyoandikwa

Alexander Fleming aligundua penisilini London mwaka 1928. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba dozi pungufu, isiyotosha kuua, huwafanya vijidudu wazoee dawa. Wakati huo tayari walikuwapo stafilokokasi wasiokufa kwa penisilini. Hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa katikati kabla haijawagusa. Kisha ikaja methisilini, dawa ambayo kimeng'enya hicho hakiwezi kuikata, na mwaka 1961 Uingereza ikaripoti stafilokokasi sugu kwa hiyo pia. Ubaya zaidi, bakteria hugawiana siri hizi. Kipande kidogo cha vinasaba chenye usugu huhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, hata wa aina tofauti, na bakteria wa ng'ombe, wa mkamuaji na wa mtoto anayekunywa maziwa hawana mpaka kati yao. Ndiyo maana Tanzania tangu 2017 ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, unaohusu binadamu na mifugo kwa pamoja. Dawa nyingi tunazochoma kwenye kiwele ni za ukoo mmoja na zile wanazopewa watoto wetu hospitali.

Kwa hiyo: dawa iliyochaguliwa kwa jibu la maabara, dozi kwa uzito wa ng'ombe, siku zote zilizoandikwa, hata kama vibonge vimekwisha siku ya pili. Kwisha kwa vibonge ni uvimbe umetulia. Bakteria wanaweza kuwa bado wapo. Kama huna hela ya dozi nzima, nasema kwa uchungu, usianze. Kopa, changisheni kwenye kikundi, au msubiri mtaalamu akupe njia nyingine.

Tyubu ya kuingiza kwenye chuchu ina kanuni zake. Kamua robo iishe. Safisha ncha kwa spiriti kama ulivyofanya kwa sampuli. Ingiza ncha ya tyubu kidogo tu, milimita tatu zinatosha. Ukiizamisha yote unasukuma uchafu ndani na kupanua mlango. Bonyeza taratibu, papasa kuelekea juu, chovya chuchu kwenye dawa ya kuua vijidudu. Tyubu moja, robo moja, basi. Nimeona watu wakivuta dawa ya chupa kwa bomba la sindano na kuipitisha kwenye chuchu za ng'ombe wanne kwa bomba lilelile. Mbali ya kueneza stafilokokasi, njia hiyo huingiza kuvu kiweleni, na kuvu antibayotiki haimgusi kabisa, bali inamsafishia njia.

Sasa maziwa. Kila dawa ina muda wa kuacha maziwa ulioandikwa kwenye kibandiko. Nyingi ni kati ya siku tatu na saba, unahesabu kuanzia dozi ya mwisho. Maziwa ya robo zote nne hayafai, hata kama umetibu moja, kwa sababu dawa hupita kwenye damu na kufika robo nyingine. Kuchemsha hakusaidii, dawa nyingi hubaki. Mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika vibaya kwa kikombe kimoja. Na wanaogandisha mtindi mjini wanakujua mapema kuliko unavyodhani: maziwa yenye antibayotiki hayagandi vizuri, kwa sababu yanaua wale bakteria wema wanaogandisha. Ndoo nzima ya mtu inaharibika kwa lita zako mbili.

Usimpe ndama maziwa hayo. Najua yanauma kumwaga, nami nilimpa ndama wa Nyota. Lakini dozi ndogondogo tumboni mwake ndiyo shule ya usugu aliyoionya Fleming, na kinyesi chake kinarudi bandani. Chimba shimo mbali na maji, mwaga humo.

Hatua ya 7: Kinga kwa maji machache

Miongozo mingi imeandikwa na watu wenye bomba linalotiririka. Sisi wengine tunaishi kwa mgao, na wa vijijini kwa dumu la kichwani. Habari nzuri ni kwamba kiwele hakihitaji maji mengi. Kiwele kilicholoweshwa chote bila kukaushwa ni kibaya kuliko ambacho hakikuguswa na maji, kwa sababu maji machafu hutiririka mpaka ncha ya chuchu, na mkono unayakandamiza ndani. Chuchu ikiwa na vumbi tu, ifute kwa kitambaa kikavu. Ikiwa na tope, ioshe chuchu peke yake kwa kopo la maji, kisha kausha kwa kitambaa cha ng'ombe huyo tu. Mimi nakata kanga kuukuu vipande vipande, kila ng'ombe na vyake, jioni vinachemshwa na kuanikwa juani. Jua la Dodoma ni dawa tuliyopewa bure.

Anza kukamua mitamba waliozaa mara ya kwanza, fuata wazima, mwisho wagonjwa. Nawa mikono kati ya ng'ombe na ng'ombe.

Ukimaliza kukamua chovya kila chuchu kwenye dawa ya ayodini ya chuchu, kwenye kikombe maalumu, iguse chuchu nzima. Kama ni kitu kimoja tu utakachoanza kesho, kiwe hiki. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na usiipunguze kwa kukisia. Iliyobaki na uchafu kikombeni mwaga. Halafu mwekee ng'ombe chakula: mabua ya mtama, nyasi, mashudu kidogo ya alizeti. Atasimama akila, na mlango wa chuchu utajifunga kabla hajalala.

Mahali pa kulala, mchanga mkavu wa korongoni unashinda kila kitu. Hauna chakula cha bakteria kama walichonacho kwenye maranda na majani. Mkokoteni mmoja wa mchanga, ukichekechwa kinyesi kila siku na kuongezwa kila baada ya muda, umenipunguzia vibonge vya Januari kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

Hatua ya 8: Kukausha, na kuachana na asiyepona

Kausha ng'ombe siku 60 kabla ya kuzaa. Wakati huu tyubu ya dawa inayokaa muda mrefu hufika mahali ambapo ya wakati wa kukamua haifiki, na ndiyo nafasi nzuri kuliko zote ya kumpiga stafilokokasi. Zamani ilishauriwa kuwawekea wote. Siku hizi ushauri umebadilika: wenye ushahidi wa ugonjwa, kwa CMT au sampuli, ndio wawekewe. Wazima wabaki na ayodini na mahali pakavu pa kulala. Kila tyubu inayowekwa bila sababu ni somo jingine kwa vimelea.

Ng'ombe mwenye stafilokokasi aliyetibiwa vizuri mara mbili na kurudi, robo imekuwa ngumu, umri umekwenda, huyo mwache. Anaambukiza wenzake kila asubuhi. Muda wa dawa kwenye nyama ukipita, auzwe kwa mchinjaji, na usimpeleke mnada wa Msalato ukamwuza kama ng'ombe wa maziwa kwa mama mwingine anayeanza. Nyota nilimuuza hivyo, kwa bei ya nyama.

Anayetibiwa, rudia sampuli wiki ya tatu au ya nne baada ya dozi ya mwisho, kwa usafi uleule wa pamba mpya na uangalifu uleule, na kama alikuwa na stafilokokasi rudia tena baada ya hapo. Weka daftari bandani, kwenye mfuko wa nailoni mvua zisilifikie: tarehe, ng'ombe, robo, CMT, bakteria, dawa, dozi ya mwisho, siku maziwa yanaporuhusiwa. Ukurasa wa mwisho wa daftari langu una binti wa Nyota, nyuma kushoto, ute kidogo wa CMT, sampuli imekwenda Jumanne, hakuna dawa iliyochomwa.